Mshahara Hupimwa kwa Pishi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Unguja Mjini)



Kamati ya Tawi imenitaka niseme machache juu ya mishahara na ughali wa maisha baina ya mji wetu huu wa Unguja na mji wa Dar es Salaam. Nadhani sikuchaguliwa kwa elimu, kwani elimu yangu ni ya chuoni, ya juzuu na vitabu vidogo vya fiqhi. Nimechaguliwa kwa kuwa muuza duka huuona mshahara unavyoingia na unavyotoka. Anayeulipa huuona siku moja tu katika mwezi. Sisi tulio nyuma ya meza ya duka huuona siku zote thalathini, na khasa zile kumi za mwisho, wakati noti zimekwisha na daftari la mkopo ndilo linalofunguliwa.

Yako maneno yanayosemwa sana mitaani. Mmoja husema, "Wenzetu wa Bara wanalipwa zaidi." Mwengine humjibu, "Lakini Dar es Salaam maisha ni ghali, huku kwetu mtu analala kwao na anakula kwao." Kila mmoja ana sehemu ya kweli, na kila mmoja huiacha sehemu nyingine. Mimi nataka leo tuzichukue sehemu zote mbili tuzitie katika mizani moja.

Kwanza tukubaliane juu ya kipimo. Dini yetu ilipotufaradhia zaka ya fitri haikusema mtu atoe dirhamu kadha wala shilingi kadha. Imetaka itolewe saa moja ya chakula kwa kila kichwa, nayo saa ni mudi nne, kama pishi yetu ilivyo vibaba vinne. Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafii chakula chenyewe ni kile kinacholiwa zaidi katika mji wa mtoaji. Tazameni hekima iliyomo humo. Sarafu hupanda na hushuka, na mji huu si kama mji ule, ama tumbo la maskini ni lile lile Makka na Makunduchi. Kwa hiyo haki yake imewekwa katika kitu kisichopungua thamani, yaani kipimo cha chakula. Basi na sisi tukitaka kujua mshahara wa mtu una nguvu gani, tusiulize ni shilingi ngapi. Tuulize ni pishi ngapi.

Jambo hili si geni kwa wanavyuoni. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kuandika Mukaddima yake mwaka 1377, ameweka milango mizima juu ya bei za miji na hali za wakaazi wake. Alilinganisha mji wa Fez na miji midogo kuliko huo, kama Tlemcen, kadhi kwa kadhi na mfanya biashara kwa mfanya biashara, akaona kuwa mtu wa Fez ana wasaa zaidi kuliko mwenzake wa kazi ile ile katika mji mdogo. Akateremka mpaka kwa waombaji, akasema kuwa muombaji wa Fez hali yake ni bora kuliko muombaji wa Tlemcen au Oran. Wa Fez huomba siku ya Idi apewe hata thamani ya mnyama wa kuchinja, na lau muombaji wa Tlemcen angeomba mfano wa hayo watu wangemkemea. Na juu ya bei akaeleza kuwa katika mji mkubwa vyakula vya lazima, kama nafaka, huwa rakhisi, kwa kuwa vinaletwa vingi na kila mmoja ana akiba. Vitu vya anasa ndivyo vinavyopanda, kwa wingi wa wenye kuvitaka. Katika mji mdogo mambo hugeuka: chakula ndicho kinachokuwa ghali. Akaongeza kuwa ushuru unaotozwa milangoni na masokoni huingia katika bei, na mlaji ndiye anayeulipa.

Sasa tutazame miji yetu miwili. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, Dar es Salaam ilikutwa na watu 5,383,728. Visiwa vyetu vyote, Unguja na Pemba, vilikutwa na watu 1,889,773, na katika hao 893,169 walikuwa katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Yaani Mkoa wa Dar es Salaam peke yake una watu karibu mara sita ya mkoa wa mji wetu. Huo ndio Fez, na sisi ndio Tlemcen.

Mchele wa Mbeya na wa Morogoro, vitunguu vya Singida, mbatata za Njombe, vyote huteremka kwa malori mpaka Dar es Salaam. Mama wa Manzese anakwenda Tandale au Mabibo, ananunua kitu kilichoshuka kwenye lori alfajiri ile. Ama mama wa Kwahani, kitu kile kile kikishafika Dar es Salaam bado hakijamfikia. Kitabebwa na mchukuzi mpaka bandarini, kitalipiwa bandari ya kule, kitapakiwa chomboni, kitavuka bahari, kitateremshwa Malindi, kitalipiwa bandari ya huku, kitabebwa tena na mchukuzi mwengine, kisha ndipo kifike Darajani au Mwanakwerekwe. Katika kila mkono mmojapo wa hiyo kimeongezwa kitu, na katika kila safari tungule kadha zimeoza, nazo bei yake hutiwa juu ya zile zilizosalimika. Hapo hapana dhalimu aliyekaa gizani akipandisha bei; ni njia ndefu tu, na njia ndefu hulipwa.

Na mchele wa mapembe, ambao ndio nguzo ya nyumba za wanyonge huku kwetu, sehemu kubwa hutoka ng'ambo ya bahari, Pakistan na India na nchi za Mashariki ya Mbali. Kwa hiyo sisi ni mateka wa habari za mbali. Mwezi wa Septemba 2022 serikali ya India ilikataza kupeleka nje mchele uliovunjika, na Julai 2023 ikakataza mchele mweupe usio wa basmati, mpaka katazo hilo likaondolewa Septemba 2024. Bwana mkubwa wa Delhi akitia sahihi karatasi, sufuria ya Jang'ombe inapungua. Bara wanalima mpunga wa kuwatosha sehemu kubwa ya haja yao. Sisi hatujafika huko.

Tena kuna samaki. Mtu wa Bara husema, "Nyinyi mmezungukwa na bahari, samaki kwenu lazima awe bure." Laiti ingekuwa hivyo! Pweza na ngisi, na changu na nguru, wana mshindani wetu mnadani, naye ni jiko la hoteli. Mimi si adui wa watalii. Wengi katika vijana wetu wanakula kwa sababu yao. Walakini anayenunua kwa fedha za mgeni na anayenunua kwa mshahara wa karani wakisimama mbele ya samaki mmoja, hapana haja ya kuuliza nani ataondoka naye. Hapa hata Ibn Khaldun angestaajabu: sisi ni mji mdogo wenye ughali wa vyakula, na papo hapo tuna ughali wa anasa wa mji mkubwa, kwa kuwa wanaostarehe si sisi ila tunaishi nao soko moja.

Na umeme vile vile. Unguja hupata umeme wake kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Wa kwanza ulilazwa mwaka 1980 na wa pili mwaka 2013. Baina ya nyakati hizo tulikaa kiza karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tukakaa tena miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Waliokuwa na duka wakati ule wanakumbuka bei ya petroli ya kuendesha jenereta iliingia wapi. Iliingia katika barafu na katika mkate, ikenda mpaka katika maji ya kisima yaliyovutwa kwa pampu.

Baada ya kusema haya, uadilifu unanilazimisha niutie na upande wa pili wa mizani. Dar es Salaam si pepo. Mtu anayekaa Mbagala au Gongo la Mboto na kazi yake iko katikati ya mji huamka kabla ya adhana, akapanda daladala, mara nyingine mbili, na jioni vivyo hivyo. Nauli hiyo si ya hiari, maana bila ya hiyo hapana mshahara. Mfanya kazi wetu wa Kikwajuni au Mlandege huenda kazini kwa miguu au kwa baiskeli. Na chumba cha kupanga kule, mwenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi mingi kwa mkupuo. Kijana anayeanza kazi huingia deni kabla hajalala usiku wa kwanza. Kwetu wengi bado wanakaa katika nyumba za wazee wao. Haya ni kweli, na anayeyaficha hatusaidii.

Lakini naomba tuitazame vizuri hoja ya "kulala kwao." Nyumba ya mzee inayolaza watoto watatu na wake zao na wajukuu, mwenye kuilipia ni nani? Ni yule mzee aliyeijenga, au mama anayepika chungu kimoja kwa watu kumi na wawili. Mshahara usiotosha kodi umefichwa nyuma ya huruma ya wazazi. Huko si kuwa rakhisi kwa maisha. Huko ni kuwatwika wazazi mzigo wa mwajiri. Na siku mzee akifariki na nyumba ikagaiwa kwa mirathi, ndipo mtu wa miaka arubaini anapojua kwa mara ya kwanza kuwa mshahara wake haukuwa ukitosha tangu hapo.

Sasa tuje kwenye mishahara yenyewe. Nitataja kima cha chini cha watumishi wa serikali, kwa kuwa hicho kimetangazwa hadharani. Mwaka 2017 Serikali ya Zanzibar ilipandisha kima hicho kutoka shilingi 150,000 mpaka shilingi 300,000. Hiyo ilikuwa ni kuzidisha mara mbili, na sisi tulio upinzani tusione haya kusema kuwa lilikuwa jambo la kheri. Bara nako wakati ule kima kilikuwa shilingi 300,000. Watu wakasema, "Sasa tumekuwa sawa." Kisha ukaja mwaka 2022. Mwezi wa Mei Zanzibar ikatangaza nyongeza ya asilimia 15.6, na kima kikawa shilingi 347,000. Mwezi huo huo Serikali ya Muungano ikatangaza nyongeza ya asilimia 23.3 kwa watumishi wake, na kima chao tangu Julai 2022 kikawa shilingi 370,000.

Tofauti ilikuwa shilingi 23,000, na wako waliosema kuwa ni kidogo. Basi tuipime kwa mchele. Nitaweka bei mbili za mfano, wala sisemi kuwa ndizo bei za siku fulani. Kila mmoja akifika kwake aweke bei anazozijua yeye. Tuseme kilo ya mchele kule ni shilingi 2,500, na mchele ule ule, baada ya kuvuka bahari na kupita mikono yote ile, huku ni shilingi 2,800. Mwenye shilingi 370,000 kule anapata kilo 148. Mwenye shilingi 347,000 huku anapata kilo 124 kasoro kidogo. Kwa noti tofauti ilikuwa kama asilimia sita. Kwa mchele imekuwa asilimia kumi na sita. Na turudi mwaka 2017, tulipoambiwa tuko sawa: 300,000 kwa bei za mfano huo ni kilo 120 kule, na kilo 107 huku. Usawa wa karatasi haukuwa usawa wa sufuria hata siku ile.

Tangu mwaka 1966, ilipofunguliwa Benki Kuu ya Tanzania, miji yetu miwili inatumia shilingi moja, na hapo ndipo watu wanapokosea. Mtu akienda Muscat hujua kuwa riali si shilingi, akauliza riali moja inanunua nini. Akienda Dar es Salaam haulizi, kwa kuwa picha iliyoko juu ya noti ni ile ile. Picha ni moja, lakini kinachotoka dukani si kimoja.

Kuna jambo jengine ambalo nataka wasomaji wa magazeti walielewe. Kila mwezi hutangazwa mfumuko wa bei: Bara na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na huku na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Mtu husoma kuwa huku ni asilimia hii na kule ni asilimia ile, akadhani zimemwambia wapi ni ghali. Hazikumwambia. Hesabu hiyo hueleza bei za mji mmoja zimepanda kiasi gani tangu mwaka jana, wala hailinganishi mji na mji. Mfano wake ni watoto wawili: mmoja amerefuka inchi moja mwaka huu na mwengine inchi mbili, utajuaje nani mrefu, ikiwa hukuwasimamisha ukutani pamoja? Mpaka bidhaa zile zile, za kipimo kile kile, zitafutwe bei yake katika miji yote miwili siku moja, hapana anayeweza kutwambia kwa yakini kuwa nyongeza fulani imetosha.

Wazee wangu, haya si maneno mapya katika pwani hii. Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma mji mzima, na kiongozi wao, Chege Kibachia, mwaka ule ule akakamatwa na kupelekwa mbali na pwani. Mwaka huo huo makuli wa bandari ya Dar es Salaam nao wakaweka chini mizigo. Na mwaka 1948, mwezi wa Agosti na Septemba, makuli wa bandari yetu hapa Unguja waligoma, na mgomo ukaenea mjini. Vyombo vilivyochukua shehena baina ya bandari hizo tatu vilichukua na khabari. Kuli wa hapa alijua mwenzake anapata nini kule, na alijua mchele wa hapa ni kiasi gani. Hakusoma Mukaddima, lakini hesabu ilikuwa ile ile.

Na somo jengine lilipatikana Kenya mwaka 1954, ilipotoa ripoti kamati iliyosimamiwa na Bwana Carter juu ya mishahara ya Waafrika. Kamati iliona kuwa kima cha chini kilikuwa kimepigiwa hesabu ya mtu kapera, asiye na mke wala mtoto, na ikashauri kiende kidogo kidogo mpaka kifikie hesabu ya mtu mwenye nyumba. Nawaulizeni: kima chetu kimepigiwa hesabu ya nani? Kama kuna karatasi inayoonyesha kuwa mwalimu wa skuli ya msingi amehesabiwa yeye na mkewe na wanawe wanne, na ionyeshwe. Kama haipo, basi bado tuko katika mshahara wa kapera.

Khasara ya jambo hili si ya tumbo peke yake. Muuguzi aliyesomeshwa kwa fedha za nchi hii hufanya hesabu hii niliyoifanya, kwa kimya, peke yake, usiku. Kisha hufunga mzigo wake akavuka kwenda Dar es Salaam, au akapanda ndege kwenda Ghuba. Hatumlaumu. Lakini hospitali za vijijini hubaki na upungufu ule, na mgonjwa wa Micheweni hulipa kwa mwili wake kile kilichopunguzwa katika mshahara wa Mjini. Na anayebaki, akiwa na njaa, hushawishika kutafuta riziki chini ya meza. Rushwa ni haramu na hapana udhuru wake. Lakini mtawala anayempa mtu mshahara wa siku ishirini na kumtaka uaminifu wa siku thalathini ameshiriki katika kumtia mtihanini.

Nisiwasahau wenzangu wa biashara, wasije wakafurahi kuwa leo hawakutajwa. Surat Al-Mutaffifin imewaonya wanaopunja vipimo, na Mtume wetu amekataza kuficha chakula ili kipande bei. Bahari inatosha kuwa ghali. Hatuna haja ya kuongeza udhalimu juu yake. Muuza duka anayeweka gunia nyuma akingojea Ramadhani amekuwa mkata mshahara wa watu wote kwa siku moja.

Basi tunataka nini? Tunataka mambo manne.

La kwanza, ofisi mbili za takwimu zitoe kila miezi mitatu bei za kapu moja katika miji miwili: mchele, unga, sukari, mafuta ya kupikia, samaki, makaa na gesi, umeme, kodi ya chumba, nauli, dawa na madaftari ya skuli.

La pili, kima cha chini kipangwe kwa kapu hilo na kwa mtu mwenye nyumba, na kitazamwe kila mwaka, wala kisingojee mwaka wa uchaguzi.

La tatu, ushuru na malipo ya bandari juu ya vyakula vya lazima yaandikwe wazi yabandikwe ukutani, ili kila mnunuzi ajue katika kilo moja ni senti ngapi za mkulima, ngapi za chombo, ngapi za serikali na ngapi za muuza duka. Mimi niko tayari yangu iandikwe ya kwanza.

La nne, mabonde ya mpunga, Cheju na Kibokwa na mengineyo, yatiliwe maji na yapewe mbolea kwa wakati, kwa sababu kilo inayolimwa hapa haina nauli ya kuvuka bahari.

Haya hayahitaji matusi wala fujo. Yanahitaji watu wajue hesabu zao. Kesho kila mmoja wenu achukue mshahara wake, au wa mwanawe, augawe kwa bei ya mchele anaonunua. Kisha amwandikie ndugu yake aliye Dar es Salaam amuombe naye afanye vivyo. Majibu yaleteni tawini. Tukiwa na karatasi mia mbili za namna hiyo, za watu wa kweli na bei za kweli, mjumbe wetu atakaposimama Barazani hataambiwa kuwa anasema kwa chuki.